Siku 25 za mionzi, kilomita 700 kutoka nyumbani: nauli tutaipunguza wapi?

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa tatu katika familia ya watoto watano, na tunaishi kijijini katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Mama yetu ana umri wa miaka 63 na ni mkulima wa alizeti. Mapema mwaka huu alianza kutokwa na damu isiyo ya kawaida, akapelekwa hospitali ya mkoa, akakatwa kinyama kwa ajili ya uchunguzi, na majibu yakaonyesha kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi iliyo katika hatua ya pili. Tulipewa barua ya rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na tangu wakati huo maisha yetu yamekuwa ya kuhesabu nauli.

Safari ya kwanza tulikwenda kwa ajili ya kufungua faili na kufanya vipimo, tukarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili tulikwenda tena ili mama apigwe picha ya kupangia mionzi na kuchorwa alama mwilini, tukarudi nyumbani kusubiri siku ya kuanza. Kila safari tulikuwa wawili, mimi na yeye, na wakala wa mabasi hapa mjini alitutoza shilingi 45,000 kwa kila mmoja akisema kwamba hakuna gari la bei ya chini. Kwa hiyo safari hizo mbili peke yake zimekula shilingi 360,000, na matibabu yenyewe hayajaanza.

Sasa tumeambiwa kwamba mama ataanza mionzi baada ya wiki tatu. Atapata mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na dripu ya dawa za saratani mara moja kwa wiki, kisha atapata mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe, mara tatu. Mama mdogo anaishi Chanika na ametukaribisha kwa moyo mweupe, tukalala kwake katika safari zote mbili. Tatizo ni kwamba kutoka kwake hadi hospitali tunapanda daladala mbili na kumalizia na bajaji kutoka Posta, kwa kuwa mama hawezi kutembea umbali mrefu kwenye jua. Kwenda na kurudi, sisi wawili, tunatumia shilingi 11,000 kwa siku, na tunatoka nyumbani saa kumi alfajiri.

Tulifanya kikao cha familia na tukapata mawazo matatu. Kaka yangu mkubwa anashauri mama awe anakwenda siku tatu kwa wiki badala ya tano, ili nauli ya daladala ipungue, au baada ya wiki mbili arudi nyumbani apumzike kwanza na asimamie mavuno. Dada yangu anasema tupokezane kumuuguza, kila mmoja wiki yake, kwa sababu sote tuna watoto na mashamba. Mdogo wetu anataka tuuze ng'ombe wawili wa mama mara moja, jambo ambalo mama mwenyewe hataki kulisikia. Tulichonacho mkononi, baada ya michango ya ndugu, ni shilingi 900,000. Mama ana kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii.

Naomba unishauri, Mshauri, ni wapi tunaweza kubana matumizi ya safari bila kumuumiza mama.

Muuguzaji, Singida

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana, wewe na mama na nyumba nzima.

Nitaanza na wazo la kaka yako, kwa sababu katika yote uliyoniandikia hilo ndilo linaloweza kumgharimu mama maisha. Mwambieni kaka kwa heshima zote kwamba siku za mionzi hazipunguzwi ili kuokoa nauli. Mionzi hutolewa kidogo kidogo kila siku ya kazi kwa sababu chembe za saratani zikiachwa na mapumziko marefu hujijenga upya na kuzaliana, na kazi iliyofanywa wiki iliyotangulia inaanza kupotea. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, madaktari hulenga kwamba mionzi ya nje na mionzi ya ndani vyote vimalizike ndani ya wiki 8, yaani siku 56 tangu siku ya kwanza, na tafiti zimeonyesha kwamba kila siku inayozidi hapo inapunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa hadi asilimia 1. Mtu anayekwenda siku tatu kwa wiki atazimaliza siku 25 katika wiki ya tisa, kabla hata hajagusa mionzi ya ndani. Kurudi nyumbani katikati kwa ajili ya mavuno kuna madhara yale yale, na juu yake kunaongeza nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Alizeti itavunwa na nyinyi watoto.

Sasa tuje kwenye fedha. Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa na kalamu mkononi, na ninachokiona ni kwamba akiba yenu inaliwa zaidi na wingi wa safari kuliko bei ya tiketi. Mlikwenda kufungua faili mkarudi, mkaenda kupangiwa mionzi mkarudi, na inaelekea hakuna aliyewauliza wahudumu kama shughuli hizo mbili zingeweza kuwekwa karibu karibu kwa mgonjwa anayetoka mbali. Siwalaumu, kwa maana hata mimi nilipokuwa nikimuuguza marehemu kaka yangu katika hospitali moja ya kanda nilikaa miezi mitatu nikipokea kila tarehe niliyopewa kama vile imeandikwa kwenye jiwe, mpaka siku moja muuguzi aliponiuliza ninatoka wapi, akashtuka, na akanipangia kipimo na kliniki katika siku moja. Kwa hiyo kuanzia sasa, kila mnapopewa tarehe, semeni kabla hamjainuka kwenye kiti kwamba mnatoka Singida, na muulize mambo mawili: kama kuna kipimo kinachoweza kufanywa katika hospitali ya mkoa na majibu yakaletwa, na kama miadi mbili zinaweza kuunganishwa. Ombeni pia namba ya simu ya kupiga siku moja kabla ya kupanda basi, ili kuhakikisha kwamba tarehe haijabadilika.

Baada ya tarehe, kinachofuata kwa kula fedha ni kupokezana. Dada yako ana nia njema, lakini hebu tupige hesabu. Kwa viwango vya nauli kikomo ambavyo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilivitangaza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida kwenye barabara ya lami hutoza shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria mmoja, na basi la daraja la kati hutoza shilingi 67.84. Kutoka Singida mjini hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700, kwa hiyo daraja la kawaida ni kama shilingi 34,000 na daraja la kati ni kama shilingi 47,000. Muuguzaji mmoja anapomwachia mwenzake, mmoja anakwenda na mwingine anarudi, na hiyo ni shilingi 68,000. Katika wiki nane mkibadilishana kila wiki, mtabadilishana mara saba, nazo ni shilingi 476,000, zaidi ya nusu ya kila kitu mlicho nacho, na mama hajapanda hata daladala moja. Badilishaneni mara moja tu, katikati, mwishoni mwa wiki ya nne. Wale wanaobaki kijijini watatoa mchango wao kwa kuwaangalia watoto wa anayeuguza na kulima shamba lake, na hilo liandikwe kwenye kikao kama mchango kamili, lisionekane kama hisani.

Utakuwa umeona katika hesabu hiyo kwamba shilingi 45,000 mlizotozwa ni bei ya daraja la kati. Inawezekana kabisa kwamba basi mlilopanda lilikuwa la daraja hilo, na kama ni hivyo hamkuibiwa. Lakini maneno ya wakala kwamba hakuna gari la bei ya chini yasiwe ndiyo neno la mwisho. Nendeni kituoni siku mbili kabla ya safari, msiende alfajiri ile ile huku mabegi yakiwa mabegani na wapiga debe wakiwavuta mikono, mkate tiketi kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, na mhakikishe kwamba nauli iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo mliyolipa. Msikate tiketi ya kurudi mapema, kwa kuwa siku ya kumaliza matibabu inaweza kusogea.

Kuhusu treni, najua mtu atawaambia tu, kwa hiyo afadhali niseme mimi. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000. Ukiongeza basi la kutoka Singida hadi Dodoma, ambazo ni karibu kilomita 240, unafika kwenye shilingi 42,600 kwa mtu mmoja, bila bajaji ya pale Dodoma. Kwa hiyo treni haiwapunguzii nauli mkilinganisha na basi la kawaida. Hata hivyo, mimi ningewashauri mwende kwa basi la kawaida, mama akiwa bado ana nguvu zake, na mrudi kwa treni matibabu yakiisha. Mionzi ya nyonga huwaletea wagonjwa wengi uchovu, kuharisha na haja ndogo ya mara kwa mara, na mtu aliye katika hali hiyo hawezi kusubiri mpaka dereva aamue kuchimba dawa porini. Kwenye treni kuna choo na kuna nafasi ya kunyoosha miguu, na stesheni yake ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, si Mbezi Luis ambako mabasi ya mikoani huanzia, kwa hiyo asubuhi ya safari hamtahitaji kuvuka jiji zima. Hiyo ndiyo sehemu ambayo shilingi 8,600 zaidi kwa kila mtu ni matumizi halali.

Linabaki suala la Chanika, ambalo najua ni gumu kwa sababu lina undugu ndani yake. Shilingi 11,000 mara siku 28, ukihesabu na zile tatu za mionzi ya ndani, ni shilingi 308,000. Fikirini kupanga chumba Kigamboni, ng'ambo ya maji, karibu na kivuko. Kivuko cha kutoka Kigamboni hadi Magogoni hutoza shilingi 200 kwa mtembea kwa miguu, na ukishuka upande wa mjini uko jirani na hospitali, si mbali baada ya Ikulu. Nyinyi wawili mtalipa shilingi 800 kwa siku kwenda na kurudi. Tuweke na bajaji ya kutoka Magogoni hadi getini, tuseme 2,000 kila upande, ingawa asubuhi zile mama atakazokuwa na nguvu mnaweza kutembea taratibu kabla jua halijawaka. Kwa siku 28 hiyo ni shilingi 134,400. Chumba nakadiria shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa miezi miwili. Jumla ni 254,400, mkiwa mmeokoa kama shilingi 54,000 ukilinganisha na kulala bure Chanika.

Kwa fedha, tofauti hiyo si kubwa, nami sitaki kukudanganya kwamba ni kubwa. Kubwa ni kwamba mgonjwa atalala mpaka saa kumi na mbili, na siku ya dripu, ambayo anaweza kutoka hospitali jioni akiwa anatapika, hatasimama kwenye foleni ya daladala ya Gongo la Mboto. Wagonjwa wengi wanaokatisha mionzi hawakatishi kwa kukosa imani na dawa. Wanachoshwa na barabara. Angalizo langu kuhusu kivuko ni kwamba asubuhi na jioni watu hujaa sana na husukumana kwenye geti, kwa hiyo ombeni hospitali iwapangie saa za katikati ya asubuhi kama inawezekana, na mumpitishe mama pembeni.

Kikwazo mtakachokutana nacho ni wenye nyumba kudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Msiingie kwenye mkataba huo, wala msimpe dalali fedha kabla ya kuona chumba. Ulizeni kwanza katika dawati la ustawi wa jamii hapo hospitali kama kuna hosteli au nyumba ya kufikia wagonjwa wa mikoani yenye nafasi, kisha ulizeni kanisani au msikitini kwenu, kwa sababu mara nyingi katika jumuiya ya waumini kuna mtu mwenye ndugu Kigamboni ambaye ana chumba na anaelewa maana ya kupangisha kwa miezi miwili tu. Na kama yote yatashindikana, bakini Chanika, lakini mkalale karibu na hospitali, kwa jamaa au gesti ya bei nafuu, angalau usiku wa siku ya dripu.

Dawati hilo la ustawi wa jamii mlipitie siku ya kwanza kabisa, hata kama hamna shida ya malazi. Kadi ya CHF iliyoboreshwa inafika mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo Dar es Salaam haitawasaidia, na hata bima zenye wigo mpana kwa kawaida hulipia tiba bila kumlipia mgonjwa nauli. Lakini mama ana miaka 63, na kwa sera ya nchi yetu mzee aliyefikisha miaka 60 asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama za matibabu. Nendeni mkiwa na kitambulisho chake na barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri inayoeleza hali ya kaya. Kila shilingi itakayosamehewa kwenye vipimo na dawa ni shilingi ya bajaji. Barua hiyo iandikwe kabla hamjaondoka Ikungi, kwa sababu kuifuata baadaye ni nauli nyingine.

Nikijumlisha sasa: kwenda kwa basi la kawaida watu wawili ni 68,000; kurudi kwa treni na basi, pamoja na bajaji ya Dodoma, ni kama 90,000; kubadilishana muuguzaji mara moja ni 68,000; na Kigamboni, chumba na usafiri, ni 254,400. Hiyo ni kama shilingi 480,000. Katika 900,000 zenu zinabaki 420,000, ambazo kwa siku 56 ni shilingi 7,500 kwa siku ya chakula na dharura. Ni kidogo kwa Dar es Salaam, lakini si haba kwa watu wanaojipikia. Abiria wa basi huruhusiwa mzigo wa kilo 20 bila malipo, kwa hiyo bebeni unga, dagaa na mafuta yenu ya alizeti badala ya kununua kila kitu kwa bei ya mjini. Ndugu wanaotaka kuchangia zaidi waambieni watume kwa simu kila Ijumaa kiasi kidogo pamoja na ya kutolea, badala ya kutoa kiasi kikubwa mara moja ambacho kitaishia kwenye matumizi ya wiki ya kwanza. Kwa hesabu hii ng'ombe wabaki zizini. Wakihitajika, watahitajika baadaye, na mnunuzi asiyejua kwamba mna haraka hutoa bei nzuri zaidi.

Yako mambo mawili madogo. La kwanza, mtu atakuuliza kwa nini hamkwenda Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambayo nayo hutoa tiba ya mionzi na kutoka Singida ni karibu kilomita 450 tu. Ni swali zuri kwa msomaji mwingine ambaye bado hajaandikiwa rufaa, naye amuulize daktari wake siku hiyo hiyo. Lakini nyinyi mmeshapangiwa mionzi na mama ameshachorwa alama, na kuhama sasa kungewarudisha mwanzo. La pili, katika wiki hizi tatu za kusubiri, mama akitokwa na damu nyingi, mpelekeni hospitali ya mkoa saa hiyo hiyo. Msimpandishe basi la Dar es Salaam eti kwa kuwa faili liko huko.

Matibabu yakiisha atatakiwa kurudi kliniki kwa uchunguzi, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu hivi katika kipindi cha mwanzo. Kabla hamjaondoka, ombeni muhtasari wa matibabu ulioandikwa na kugongwa mhuri, na muulize ni uchunguzi upi daktari wa mkoa anaweza kuufanya na upi ni lazima uwarudishe Dar es Salaam.

Kuhusu mama mdogo, mpigieni simu leo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine kwamba mnatafuta chumba Kigamboni. Azungumze naye mama mwenyewe, amweleze habari ya saa kumi alfajiri na siku za dripu, na amwambie kwamba Jumamosi na Jumapili, siku ambazo hakuna mionzi, mtakuwa mnakwenda kulala Chanika. Dumu la kwanza la mafuta ya alizeti liwe lake.